Grisi ipi ipakwe kwenye pini za kalipa? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Ndugu yangu wa Tanga,

Umeniandikia kwamba gari lako ni Toyota Premio lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika, kwamba miezi mitatu iliyopita fundi alikubadilishia pedi za breki za mbele na kupaka pini za kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, grisi aliyoichota kwenye kopo la grisi ya beringi, na kwamba sasa gurudumu la mbele la kushoto linapata moto kuliko la kulia, hasa unaposhuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Ulipofungua ulikuta pedi ya ndani imeliwa karibu yote ilhali ya nje bado ni nene, na pini moja haikutoka mpaka ilipogongwa kwa nyundo. Umezunguka madukani, muuzaji mmoja akakuambia ununue grisi ya shaba, wa pili akakuambia ya silikoni, na wa tatu akakupa grisi nyeupe ya lithiamu. Unauliza ipi kati ya hizo ni sahihi.

Kwa pini, kati ya hizo tatu inayofaa ni ya silikoni tu, tena ile iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Inayofaa vilevile, na kwa gari lako naiona kuwa bora zaidi, ni grisi yenye asili ya glikoli, yaani ya jamii moja na mafuta ya breki, ambayo ndiyo inayoelekezwa na Toyota wenyewe katika vitabu vyao vya matengenezo. Grisi ya shaba na grisi nyeupe ya kawaida zisiguse mahali popote penye mpira. Hata hivyo, ningekukosea kama ningeishia hapo, kwa sababu kalipa moja ina sehemu tatu tofauti zinazohitaji kilainishi, na kinachofaa sehemu moja kinaweza kuiharibu nyingine. Ukishaelewa sababu, hutahitaji tena kumtegemea muuzaji anayetaka kumaliza bidhaa iliyoko rafuni mwake.

Kalipa ya mbele ya gari lako ni ya aina inayoelea, yenye pistoni moja upande wa ndani. Unapokanyaga breki, pistoni husukumwa na kuibana pedi ya ndani kwenye diski, kisha kalipa yote huteleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje, nayo ikaibana diski kutoka upande wa pili. Pini zikikwama, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani hubaki ikifanya kazi karibu peke yake, na unapoachia kanyagio kalipa hairudi mahali pake, kwa hiyo pedi inaendelea kusugua diski safari nzima. Hicho ndicho kilicholipasha moto gurudumu lako, na ndicho kilichoila pedi ya ndani na kuiacha ya nje. Pedi zenyewe hazina kosa, na fundi atakayekushauri ununue pedi nyingine za bei kubwa zaidi bila kugusa pini atakuwa amekuuzia ugonjwa ule ule kwa mara ya pili.

Sehemu ya kwanza kati ya zile tatu ni pini. Sasa itazame ile iliyogongwa kwa nyundo. Kila pini inalindwa mdomoni na mfuko wa mpira unaozuia maji na vumbi. Katika kalipa nyingi za Toyota, mojawapo ya pini hizo mbili ina pia bushi ndogo ya mpira karibu na ncha yake, iliyowekwa ili kalipa isigongegonge gari linapopita kwenye mashimo. Bushi hiyo ina nafasi ndogo sana ndani ya tundu lake. Ikinenepa hata kidogo, hujaza tundu lote na kuishika pini kama kizibo kinavyoshika mdomo wa chupa. Nina hakika kubwa kwamba iliyogongwa ni hiyo yenye bushi, na kwamba ile pini nyingine, iliyo chuma kitupu, ilitoka kwa shida ndogo zaidi.

Bushi ilinenepa kwa sababu ya grisi. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu lugha yetu inatupoteza njia bila kukusudia. Sisi tunasema mafuta ya injini, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, na pia mafuta ya breki, kana kwamba yote ni ya ukoo mmoja. Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hayatokani na jamii ya mafuta ya injini hata kidogo. Hayo ni kimiminika cha jamii ya glikoli, kinachochanganyika na maji, na mipira yote ya mfumo wa breki imechaguliwa ili iishi nacho kwa miaka mingi bila kudhurika. Mpira huo katika magari ya siku hizi ni ule unaojulikana kwa herufi EPDM. Unavumilia glikoli, unavumilia maji, unavumilia joto na hali ya hewa. Usichokivumilia ni mafuta ya petroli, yaani yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, katika sura yake yoyote ile, iwe ni oili ya injini, dizeli, mafuta ya taa au grisi iliyotengenezwa kutokana na mafuta hayo.

Sababu yake ni ya kikemia, na si ngumu kuifahamu. Mpira ni minyororo mirefu iliyofungamana kama nyavu, na kimiminika kinachofanana nao kwa asili huweza kujipenyeza katikati ya minyororo hiyo na kuisukuma mbali mbali. Mpira wa EPDM na mafuta ya petroli ni ndugu wa karibu kikemia, kwa hiyo mafuta huingia, mpira huvimba, hulainika, na hatimaye hupoteza nguvu yake. Glikoli haina undugu na mpira huo, kwa hiyo hubaki nje. Sili za mpira, yaani pete za kuzuia uvujaji, ndani ya injini ni za aina nyingine na huishi vizuri na oili, na ndiyo maana fundi aliyezoea kazi ya injini anaweza kwa nia njema kabisa kudhani kwamba mpira ni mpira na grisi ni grisi.

Grisi yenyewe ni kama sponji iliyolowa. Sehemu yake kubwa, kwa kawaida asilimia 70 hadi 95, ni mafuta au kimiminika kingine cha kulainisha. Kinachobaki ni kigandishi, mara nyingi sabuni ya metali fulani, pamoja na viongezo vichache. Swali la kwanza kuhusu grisi yoyote inayokwenda kwenye kalipa ni hili: ndani ya sponji hiyo kimelowekwa nini? Grisi ya beringi aliyoitumia fundi wako imelowekwa mafuta ya petroli. Ni grisi nzuri sana kwa beringi, na sina neno baya juu yake ikiwa mahali pake.

Jambo hili ndilo linalofumbua fumbo la lithiamu, ambalo nimeliona likiwachanganya hata mafundi wenye miaka mingi kazini. Kitabu cha matengenezo cha Toyota kinaelekeza kwamba pini, pistoni na sili yake zipakwe grisi ya glikoli yenye sabuni ya lithiamu. Mtu akisoma haraka huona neno lithiamu, hukimbilia dukani, na hurudi na grisi nyeupe ya lithiamu au na grisi ya beringi, ambayo nayo kwa kawaida huwa ya lithiamu, akiamini kwamba amefuata kitabu neno kwa neno. Lithiamu ni jina la kigandishi tu, yaani la sponji, wala halielezi kilichomo ndani yake. Katika grisi ya Toyota kilichomo ni glikoli. Katika ile nyeupe ya kawaida kilichomo ni mafuta ya petroli. Majina yanafanana, na moja inahifadhi mpira wako huku nyingine ikiuvimbisha.

Rangi nayo si mwongozo. Iko grisi nyekundu ya breki iliyotengenezwa tangu zamani kwa mafuta ya mimea, hasa ya nyonyo, nayo ni salama kwa mipira ya breki. Na iko grisi nyekundu ya beringi inayostahimili joto kali, ambayo ni mafuta ya petroli mtupu. Ukiziweka juu ya karatasi, macho hayatakuambia ipi ni ipi. Kwa hiyo mtu anayekuambia utumie ile nyekundu, au ile nyeupe, au ile ya kijani, hajakuambia kitu.

Kati ya silikoni na glikoli, zote mbili ni salama kwa mpira wa EPDM na zote hufanya kazi njema kwenye pini. Silikoni haiathiriwi kwa urahisi na maji, nayo hustahimili joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi, kiwango ambacho pini za gari la kawaida haziwezi kukifikia kirahisi kwa kuwa ziko mbali na diski. Udhaifu wake ni pale chuma kinaposuguana na chuma kwa mgandamizo mkubwa, kwa sababu utando wake si imara na hukatika. Kwa hiyo ni kilainishi cha pini na cha mipira, lakini hakifai masikio ya pedi, yaani zile ncha zake mbili za chuma. Tena isiingie katika mfumo wa mafuta ya breki, kwa kuwa haichanganyiki nayo. Glikoli ina faida kwamba hata chembe yake ikifika kwenye pistoni haitaleta madhara yoyote, kwa kuwa ni wa jamii moja na mafuta ya breki yenyewe. Ndiyo maana naipendelea kwa kazi inayohusu pini na pistoni kwa pamoja. Usizichanganye tundu moja. Safisha ya kwanza yote kabla ya kutia ya pili.

Sehemu ya pili ni pale ambapo masikio ya pedi yanakaa juu ya breketi, yaani fremu ya chuma inayoishikilia kalipa, mara nyingi juu ya klipu za chuma kisichoshika kutu, na pale ambapo mgongo wa pedi unagusana na pistoni na vidole vya kalipa. Hapa hakuna mpira unaoguswa, lakini joto ni kali zaidi, na vumbi la pedi ni jingi. Kinachohitajika ni grisi ya breki isiyo na metali, iliyotiwa chembe ngumu kama za seramiki au molibdenamu, ambazo zinabaki zikifanya kazi hata kimiminika kikipungua kwa joto. Ziko nyingi sokoni za aina hiyo ambazo zimeandikwa wazi kwamba zinafaa pia kwenye mpira na kwenye pini, na kwa mtu asiyetaka kununua vitubu viwili hilo ni chaguo la busara, mradi maandishi hayo yawepo kweli. Kumbuka kwamba klipu nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa utando wa kuteleza, na mtengenezaji akielekeza ziachwe kavu, ziache kavu.

Grisi ya shaba ilitumika mahali hapa kwa miaka mingi, nami mwenyewe niliitumia nilipokuwa kijana. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuzuia nati na boliti zisishikane kwa kutu na joto, na kwa kazi hiyo inastahili sifa zake. Kopo lake huandikwa nyuzi 1,100, na tarakimu hiyo huwavutia wengi, lakini kinachofika huko ni chembe za shaba zenyewe. Mafuta yanayozibeba huungua mapema zaidi na kuacha unga mkavu unaokamata vumbi. Mafuta hayo mara nyingi ni ya petroli, kwa hiyo yakitiririka kufika kwenye mfuko wa mpira yatafanya kile kile kilichofanywa na grisi ya beringi. Aidha, shaba ikikutana na aluminiamu mahali penye unyevu wa chumvi huichochea aluminiamu iliwe. Kalipa zako ni za chuma, lakini wako wasomaji wenye kalipa za aluminiamu, na hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja ina chumvi ya kutosha kuifanya kazi hiyo. Baadhi ya watengenezaji wa breki hutahadharisha pia juu ya chembe za metali karibu na vihisio vya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki. Kwa hayo yote, sioni sababu ya kuitumia kwenye breki leo wakati zipo grisi zisizo na metali.

Huenda ukajiuliza kama mteremko wa Lushoto unadai grisi ya joto la juu zaidi. Mteremko huo ni mkali na una kona nyingi, na diski ya gari linaloshuka kwa kukanyaga breki mfululizo huweza kupita nyuzi 300 bila shida. Lakini kinachoshindwa kwanza katika hali hiyo kwa kawaida ni mafuta ya breki yaliyozeeka. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, na ikishanyonya maji kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Kama hujabadilisha mafuta ya breki kwa zaidi ya miaka miwili, hilo lina uzito kuliko kutafuta grisi ya nyuzi elfu moja. Shuka kwa gia ndogo ili injini ikusaidie kulizuia gari.

Sehemu ya tatu ni pistoni na sili yake, na hapa nakuomba uwe makini kuliko kote. Sili hiyo ni pete ya mpira yenye pembe nne, iliyokaa ndani ya mfereji. Pistoni inapotoka, sili hujipinda pamoja nayo, na unapoachia kanyagio hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Ni unyumbufu wa mpira peke yake. Sili iliyovimba kwa mafuta ya petroli huishika pistoni kwa nguvu na haiwezi tena kuirudisha, na breki hubaki zimebana. Kwa hiyo pistoni na sili hulowanishwa kwa mafuta mapya ya breki au grisi ya glikoli iliyotajwa na mtengenezaji, na si kitu kingine. Ikitokea mtu akamimina oili ya injini au haidroliki katika chombo cha mafuta ya breki, kubadilisha mafuta peke yake hakutoshi, kwa sababu kila mpira uliofikiwa na mafuta hayo, kuanzia masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na kanyagio, hadi mipira ya magurudumu, unakuwa umeingiliwa na hauwezi kuaminiwa tena.

Niongeze neno juu ya vitu vinavyotumika kwa sababu tu viko karibu. Mafuta ya mgando ya kujipaka ni mafuta ya petroli, hata kama yana harufu nzuri na hayamdhuru mtoto. Mafuta ya kupikia hubadilika kuwa gundi yakipata joto. Dawa za kupuliza za kulegezea kutu nazo ni za petroli, na zinaacha mabaki yake juu ya mpira. La kusikitisha zaidi ni desturi ya kuosha sehemu za breki kwa mafuta ya taa au petroli ndani ya beseni, kwa sababu mtu anaweza kununua grisi sahihi kabisa halafu akaipaka juu ya mpira ambao tayari umekwisha kunywa mafuta ya taa. Chuma kisafishwe kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia breki, na mpira ufutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti au mafuta mapya ya breki. Usipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo, kwa sababu ni sumu kwa mapafu, na pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto.

Sasa gari lako. Grisi mpya juu ya bushi iliyovimba haitakusaidia, kwa sababu mpira uliovimba namna hiyo haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Nunua mifuko ya mpira na bushi mpya za kalipa za mbele. Huuzwa kama seti ya mipira ya kalipa, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na pedi ulizozipoteza. Zitoe pini zote mbili na uweke alama ipi ilikaa juu na ipi chini, kwa kuwa hazifanani na kuzibadilishana kunaleta kelele au kukwama upya. Futa grisi yote ya zamani, kisha ingiza brashi nyembamba ndani ya tundu na ulisafishe mpaka kitambaa kitoke kikiwa kikavu na cheupe, kwa sababu grisi iliyobaki ndani itaivimbisha hata bushi mpya. Itazame pini kwenye mwanga. Ikiwa ina mashimo ya kutu, au nyundo imeipinda au kuichubua, ibadilishe. Usiisugue kwa msasa mkali kwa nia ya kuing'arisha, kwa sababu utaondoa utando unaoikinga na kutu, na kwa hewa ya pwani chuma kitupu hakichukui muda mrefu kuanza kushika kutu tena.

Kabla ya kupaka chochote, ingiza pini kavu ndani ya tundu. Iingie na kutoka kwa vidole viwili. Ikikataa bila grisi, tatizo ni tundu au pini, na grisi haitalitibu. Ikikubali, ipake utando mwembamba ambao rangi ya chuma bado inaonekana chini yake, ukiongeza kidogo kwenye mdomo wa mfuko wa mpira ili uketi vizuri na kuzuia maji. Wengi hudhani kwamba kujaza tundu ni kulilinda. Tundu hilo limezibwa upande mmoja, kwa hiyo grisi nyingi pamoja na hewa iliyonaswa hufanya kazi kama springi inayoirudisha pini nje kila unapoisukuma. Ukimaliza kuingiza, ubinye mdomo wa mfuko kidogo ili hewa itoke, kisha sukuma na uvute uone inabaki pale unapoiacha. Nikueleze pia kwamba baadhi ya magari ya Ulaya yana pini zinazopita ndani ya bomba refu la mpira, na mtengenezaji huelekeza zisafishwe na ziachwe bila grisi. Gari lako si la aina hiyo, lakini usilichukue jibu hili ukamshauri jirani mwenye gari jingine kabla ya kuangalia kitabu chake.

Baada ya hapo paka grisi ya breki isiyo na metali kwenye masikio ya pedi na kwenye mgongo wake pale panapogusana na pistoni, kwa kiasi kidogo, na uso wa pedi na diski usiguswe na kidole chenye grisi. Pedi ikiloa grisi usijaribu kuiosha wala kuichoma moto. Ibadilishe. Diski inafutika kwa dawa ya kusafishia. Kalipa ukiifungua isining'inie kwa paipu yake ya mpira, bali ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Pistoni ikikataa kurudi ndani kwa mkandamizo wa taratibu, basi sili yake nayo imeguswa, na kazi hiyo pamoja na kutoa hewa kwenye breki mpe fundi unayemwamini, ukisimama pembeni kuona anachotumia.

Unapokuwa dukani, soma maandishi ya kitubu badala ya kusikiliza jina. Tafuta tamko kwamba ni grisi ya breki, kwamba inafaa pini za kalipa, na kwamba haidhuru mpira wa EPDM. Ukikuta herufi EP au MP, au alama ya GC-LB, hiyo ni grisi ya beringi na ya viungo vya chini ya gari, irudishe rafuni. Kama maandishi hayatoshi kukuridhisha na bado huna nyingine, liko jaribio la nyumbani linalohitaji subira tu. Chukua bushi mpya mbili zinazofanana, pima kipenyo chake, moja izamishe ndani ya grisi hiyo katika kichupa chenye kifuniko, nyingine iache kavu, na uviweke vyote mahali penye joto la jua kwa wiki moja. Izamishwayo ikitoka nene zaidi au laini kuliko mwenzake, grisi hiyo si ya breki, hata kama kopo lake lina picha ya diski.

Ukishafunga kila kitu, kaza boliti kwa kipimo kilichoandikwa kwa gari lako, kisha kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka kanyagio kiwe kigumu, ndipo uliondoe. Endesha kilomita chache mahali tambarare bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, na upeleke kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa diski. Joto la kushoto na la kulia lifanane. Rudia hivyo baada ya safari ya kwanza ya Lushoto. Baada ya mwezi mmoja ondoa gurudumu na upime unene wa pedi ya ndani na ya nje. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3, pini bado hazitelezi na inabidi ufungue tena. Kwa mtu aishiye pwani, nashauri pini zitolewe, zisafishwe na kupakwa upya angalau mara moja kwa mwaka, hata kama pedi hazijakwisha.

Na gurudumu la kulia lifungue siku hiyo hiyo, ingawa bado halipati moto, kwa kuwa pini zake zilipakwa grisi ya kopo lile lile.